Maswali ya Wasomaji: Jerry Reed, Gitaa na Kicheko

Barua za safari hii karibu zote zinamzungumzia mtu mmoja, Jerry Reed, kwa hiyo tumezipa safu nzima. Tumezifupisha tu, maswali ni yale yale mliyouliza.

"Sisi nyumbani tumekuzwa na Jim Reeves, Kenny Rogers na Don Williams. Majuzi nimetazama filamu ya zamani ya lori lililobeba bia kwa magendo, na yule dereva mwenye mbwa nimeambiwa alikuwa kati ya wapiga gitaa hodari kabisa wa Nashville. Ni kweli, au ni mchekeshaji aliyejua kodi tatu za gitaa, yale maumbo ya noti zinazopigwa pamoja?" (Msomaji, Eldoret)

Ni kweli, na haijatiwa chumvi hata kidogo. Filamu yenyewe ni *Smokey and the Bandit* ya mwaka 1977, na dereva huyo anayeitwa Snowman ndiye Jerry Reed, mzaliwa wa Atlanta, jimbo la Georgia, mwaka 1937. Alifariki mwaka 2008. Wimbo unaolisindikiza lile lori njia nzima aliutunga yeye na Dick Feller.

Miaka mingi kabla ya kushika usukani mbele ya kamera, Reed alikuwa mwanamuziki wa studio, yaani fundi anayeitwa kuja kupiga gitaa kwenye rekodi za wenzake. Chet Atkins, aliyekuwa mpiga gitaa mashuhuri na pia mkubwa wa kampuni ya rekodi ya RCA pale Nashville, alimchukua katikati ya miaka ya 1960. Alimsaini, kisha yeye mwenyewe akaanza kujifunza tungo za Reed na kuzirekodi. Mwaka 1970 wakatoa santuri ya pamoja, *Me and Jerry*, ikapata tuzo ya Grammy. Atkins alikuwa na cheo alichokibuni mwenyewe, CGP, maana yake mpiga gitaa aliyethibitishwa. Alikitoa kwa watu wa kuhesabika kwa vidole vya mkono mmoja, na Reed ni mmoja wao. Jumba la Heshima la muziki wa kantri lilimwingiza mwaka 2017, wakati mwenyewe yuko kaburini miaka tisa.

Kilichomponza ni kwamba nyimbo zake zilizouzwa sana ni za kuchekesha. Kuna *Amos Moses* ya 1970, inayomhusu mwinda mamba wa Louisiana mwenye mkono mmoja. Kuna *When You're Hot, You're Hot* ya 1971, ya wacheza kamari ya dadu wanaonaswa na polisi. Msimuliaji anamnong'oneza hakimu kuwa atalipa deni lake akiachiwa, na hakimu, ambaye ni rafiki yake wa kuvua samaki, anawatoza wenzake faini na kumpa yeye siku 90. Huo nao ulipata Grammy. Mtu akishacheka anasahau kusikiliza vidole. Tunachokuomba ni hiki: piga *Amos Moses* mara mbili. Mara ya kwanza fuata hadithi. Mara ya pili usisikilize neno lolote, fuata gitaa tu tangu mwanzo mpaka mwisho. Utagundua kuwa gitaa linamjibu mwimbaji katika kila upenyo anaouacha.

"Sauti ya gitaa lake ni nene na laini lakini inapasua. Ni gitaa gani? Mimi nina gitaa la kawaida la nyuzi za chuma. Naweza kubadilisha nyuzi nikaweka za nailoni?" (Msomaji, Morogoro)

Gitaa analotambulika nalo ni Baldwin 801CP, gitaa la klasiki la nyuzi za nailoni lililotengenezewa umeme kiwandani. Hapo ndipo penye siri ya ile sauti. Pikapu, yaani kifaa kinachogeuza mtikisiko wa nyuzi kuwa umeme, kwa kawaida ni sumaku iliyozungushiwa waya, na sumaku haioni nailoni; inahitaji chuma kinachotikisika juu yake. Baldwin waliweka pikapu ya aina nyingine, yenye vijiwe vinavyozalisha umeme vikibanwa, chini ya kile kifupa cha darajani kinachokaliwa na nyuzi. Kwa hiyo unasikia ulaini wa nailoni, lakini mwanzo wa kila noti unatoka mkali kwa sababu pikapu inapokea mgandamizo wenyewe wa uzi. Pikapu ya Baldwin ya namna hiyo hiyo imo kwenye gitaa kongwe la mwimbaji wa kantri Willie Nelson. Baada ya Baldwin lake kuvunjika, fundi aliitoa pikapu akaihamishia kwenye gitaa la Martin.

Kuhusu kubadilisha nyuzi: nailoni kwenye gitaa la chuma haitakuharibia kitu, ila utasikitika. Nyuzi sita za nailoni zinavuta kwa jumla ya kilo 40 hivi, na zile za chuma kilo 70 au zaidi. Ubao uliojengwa kuhimili kilo 70 hautikisiki vizuri kwa 40, na sauti itakuwa kama ya sanduku la mbao. Kosa la kinyume chake ndilo la hatari: usifunge nyuzi za chuma kwenye gitaa la klasiki. Daraja linaweza kung'oka au shingo kupinda, na gharama ya fundi inaweza kuzidi bei ya gitaa.

Ukipata gitaa la klasiki la bei nafuu linatosha. Shingo yake ina upana wa milimita 52 hivi kule juu, dhidi ya 43 au 44 za gitaa la chuma, na nafasi hiyo ndiyo inayoviruhusu vidole vitatu vya mkono wa kulia kufanya kazi bila kugombana. Usisahau kile kipande cha plastiki kinachovaliwa kwenye dole gumba kama pete yenye ulimi. Reed alikivaa. Kikikubana hadi dole libadilike rangi, kitumbukize kwenye maji ya moto sekunde chache, kipanue, kisha kishikilie vivyo hivyo mpaka kipoe. Kikizunguka zunguka, fanya vile vile lakini ukikaze. Ulimi ukiwa mrefu unanasa nyuzi. Ukate kwa mkasi wa kucha mpaka utokeze milimita tano au sita tu nje ya dole, halafu uusugue kwa msasa laini.

"Nimejaribu kumuiga mwaka mzima. Noti nazipata moja moja, lakini zikiungana hazitoki kama zake. Nakosea wapi?" (Msomaji, Mombasa)

Karibu hakika unakosea mkono wa kulia, na umeanzia juu wakati nyumba ina msingi. Msingi ni ule mtindo wa mpiga gitaa Merle Travis wa Kentucky: dole gumba linapiga besi kwa kupokezana, vidole vinaimba juu yake. Reed aliurithi, kisha akaupindua.

Shika kodi ya A. Dole gumba lipige uzi wa 5, wa 4, wa 6, wa 4, noti moja kwa kila pigo, metronomu, kile kifaa cha kugonga mapigo, ikiwa 60 kwa dakika. Ukingo wa kiganja, upande wa kidole cha mwisho, ulale juu ya daraja na ugusie nyuzi za besi tu. Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Kiganja kikisogea mbele nusu sentimita, besi inakufa na kubaki "tuk" isiyo na noti. Kikirudi nyuma, besi inavuma na kufunika kila kitu. Unatafuta "dum" fupi ambayo bado unaweza kuiimba. Dakika tano kila siku kwa wiki moja, bila kuongeza chochote. Najua ni kazi ya kuchosha. Ifanye.

Halafu ongeza kidole cha kati kwenye uzi wa 2. Kwanza pamoja na dole gumba katika pigo la 1. Kisha katikati ya pigo la 1 na la 2. Dole gumba likisita kila kidole kinapoingia, bado hujawa tayari. Rudi kwenye besi.

Sasa ndiyo Reed mwenyewe. Yeye aliacha besi ya kupokezana isiyokatika, akavifanya dole gumba na vidole kuwa timu moja, na ndiyo maana kipande chake kimoja maarufu kinaitwa *The Claw*, makucha. Hesabu mapigo manne kwa nusu nusu, ziwe noti nane. Pokezana hivi bila kukoma: gumba, shahada, kati, gumba, shahada, kati, gumba, shahada. Dole gumba litaangukia noti ya 1, ya 4 na ya 7. Tatu, tatu, mbili. Mguu unagonga nne sawasawa, lakini besi inaruka ruka. Sikio la mtu wa pwani au wa bara halitalishangaa pigo hilo, limejaa kwenye ngoma zetu. Ugumu ni kuuacha mguu ugonge wake bila kuufuata dole gumba. Ukiona mguu umeanza kulifuata, punguza mwendo hadi 50.

Jambo la pili ni ile michirizi yake ya noti zinazodondoka kama maji. Wengi wanadhani ni kasi. Ni mpangilio. Mpiga solo wa kawaida anashuka ngazi ya noti kwenye uzi mmoja, na kila noti mpya inaiua iliyotangulia. Reed anaweka kila noti kwenye uzi tofauti na iliyoitangulia, akichanganya na nyuzi zilizoachwa wazi, ili noti zifunikane kama za kinubi. Jaribu huu, mteremko kwenye ngazi ya G:

- uzi wa 1 wazi (E), kidole cha kati
- uzi wa 2 freti ya 3, yaani kile chuma cha tatu shingoni (D), shahada
- uzi wa 3 freti ya 5 (C), gumba
- uzi wa 2 wazi (B), shahada
- uzi wa 4 freti ya 7 (A), gumba
- uzi wa 3 wazi (G), shahada

Angalia kwamba hakuna uzi unaopigwa mara mbili mfululizo. Nyuzi zilizo wazi zinakupa muda wa kuhamisha mkono wa kushoto, na hamahama hiyo ndiyo inayomfanya msikilizaji ajiulize mkono umefikaje freti ya 7. Ikitoka kavu, sababu ni moja: unainua kidole cha kushoto mapema. Kiache juu ya freti mpaka noti inayofuata iwe imeshalia. Na hapa kiganja cha kulia kiondoke darajani kabisa. Ukikisahau pale umeziba maji bombani.

Mwaka mzima unatosha kwa haya yote, ukianza kutoka chini.

"Ni kweli Elvis alishindwa kurekodi wimbo wa Jerry Reed mpaka Reed mwenyewe alipoitwa?" (Msomaji, Dar es Salaam)

Kweli. Ni Septemba 1967, katika studio ya RCA Nashville, na wimbo ni *Guitar Man*, ambao Reed alikuwa ameutoa mwenyewe mwaka ule ule. Wapiga gitaa waliokuwepo walikuwa mafundi wakubwa, lakini walitumia piki bapa, kile kipande kinachoshikwa kati ya dole gumba na shahada, na yale maumbo ya gumba na vidole hayatoki kwa piki bapa. Reed alitafutwa akakutwa anavua samaki. Akaja, akapiga, wimbo ukapatikana. Baadaye wakubwa wa upande wa Elvis wakamtaka agawe haki za utunzi, akakataa. Rekodi ikatoka hata hivyo.

"Baba yangu anasema Jerry Reed alimsikia Mwenda Jean-Bosco. Kuna uhusiano?" (Msomaji, Lubumbashi)

Uhusiano wa kukutana hatuwezi kuudai. Uhusiano wa mikono upo, na baba yako ana sikio zuri. Bosco, mpiga gitaa mzaliwa wa Bunkeya, alirekodiwa na Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, mwaka 1952 kule Jadotville, Likasi ya leo, akipiga kwa dole gumba na shahada peke yake. Merle Travis naye alitumia dole gumba na shahada. Mkono wa namna hiyo ukigawana kazi, besi chini na wimbo juu, unazaa sauti zinazofanana hata kama wapigaji wanatenganishwa na bahari. Omutibo, mtindo wa gitaa wa George Mukabi na wenzake huko Kenya magharibi, ule unaopigwa huku mtu pembeni anaigonga chupa ya Fanta, ni jamaa wa ukoo huo huo.

Na tukumbuke kwamba mkono wa Travis haukuota Kentucky peke yake. Nyuma yake yuko Arnold Shultz, mpiga gitaa mweusi wa eneo lile, ambaye mafunzo yake yalipita kwa Kennedy Jones na Mose Rager kabla ya kumfikia Travis. Kwa hiyo baba yako anaposikia nyumbani ndani ya kantri, hajakosea sana. Bosco mwenyewe alipiga Marekani, kwenye tamasha la Newport, mwaka 1969. Ukitaka kuonja tofauti, msikilize Bosco kisha Reed, siku moja, gitaa tupu: Bosco anatiririka bila mshtuko, Reed anakatiza sentensi ili akushtue.

"Mpiga gitaa hodari anahitaji uchekeshaji wa nini? Kwangu naona unamshushia hadhi." (Msomaji, Kigali)

Dada, tunakuelewa, na wapo wanaochekesha ili kuficha vidole vizito. Lakini mtazame Roy Clark. Alizaliwa Virginia mwaka 1933, akashinda mashindano ya kitaifa ya banjo angali kijana, na akapiga gitaa, banjo na fidla kwa umahiri ambao wengi hawaupati kwenye chombo kimoja. Tangu 1969 alikuwa mtangazaji wa *Hee Haw* pamoja na Buck Owens, kipindi cha televisheni cha vichekesho vya shambani, mahindi na ovaroli. Mamilioni walimjua kama mtu wa kukunja uso na kutoa macho. Mwaka 1975 akatokea kwenye kipindi cha *The Odd Couple*, tena katika igizo la kuchekesha, akapiga *Malagueña*. Watu walioketi kucheka wakanyamaza.

Itazame ile video yake akipiga. Anaanza akiwa bado anatabasamu kana kwamba anakutania. Hapo uchekeshaji umemfanyia kazi ambayo maelezo yasingeweza: umeteremsha matarajio yako, umekulegeza mabega, ndipo noti zinaingia. Angetoka na suti nyeusi na uso mkavu, ungekaa kumpima.

Kuna sababu ya ndani zaidi. Kichekesho na noti vinaishi kwa kitu kimoja, nacho ni kujua kungoja. Mzaha ukitamkwa robo sekunde mapema unakufa. Noti ya Reed ikiingia robo sekunde mapema, ile tatu, tatu, mbili inaporomoka. Sikiliza anavyocheka ndani ya nyimbo zake. Kile kicheko kinaangukia kwenye pigo, kila mara. Mtu wa kubabaisha hawezi hilo.

"Napiga hotelini Kisumu wikendi. Nikianza kutania watu katikati ya wimbo, vidole vinasimama. Nifanyeje?" (Msomaji, Kisumu)

Kuongea na kupiga vinagombania nafasi ile ile kichwani mpaka kimoja kiwe kimezoeleka kabisa. Kwa hiyo usianze na utani. Chagua mzunguko mfupi wa kodi mbili, A na D kwa mfano, mapigo manne manne, besi ya kupokezana. Upige dakika kumi ukitazama dirishani, si shingo ya gitaa. Kisha hesabu kwa sauti kutoka 1 hadi 50 usifuate mapigo. Utavurugika karibu na 7, endelea. Kisha soma gazeti kwa sauti. Kisha mweke mtu akuulize maswali ya kawaida, umekula nini, nauli ya Bondo ni ngapi, nawe umjibu huku vidole vinaendelea. Siku mzunguko hautetereki ukijibu swali usilolitarajia, uko tayari kwa watu.

Utani wenyewe uuweke mahali maalumu, usiutawanye. Pazuri ni mwisho wa mstari wa pili au wa nne, pale mwimbaji anapumua. Punguza besi iwe nusu ya sauti kabla hujafungua mdomo, maana mteja wa meza ya nyuma asiposikia neno la mwisho hatacheka, na wa mbele akicheka peke yake ni aibu ya wote wawili. Kabla ya neno lile la kuchekesha, kata sauti yote kwa pigo moja kamili: laza kiganja juu ya nyuzi. Sema neno. Usirudi mara moja. Acha kicheko kipande, na kikianza tu kushuka ingia na mchirizi wako mkali kuliko yote ya usiku huo. Ukingoja kicheko kiishe kabisa utakuwa umeanza upya wimbo uliopoa.

Mchirizi huo uwe ule unaoweza kuupiga ukiwa umeamshwa usingizini. Ule unaotoka mara saba kati ya kumi uuache nyumbani, kwa sababu ukikosea baada ya kuchekesha watu watadhani kosa nalo ni sehemu ya mzaha, na watalicheka.